Wamemkata Mama Uji

Siku wazee wa kanisa walipokuja kuihukumu kanda ya vidio ya Njogu, walikuja na viti vyao. Vijana walivibeba kutoka kanisani, wakavipanga mstari mbele ya televisheni, na yale mabenchi ya siku zote yakasukumwa nyuma kana kwamba yana kunguni. Hayakuwa na kunguni. Mbinya alikuwa ameyasugua tangu asubuhi kwa maji ya moto na sabuni ya kipande mpaka vidole vikamchubuka. Alisimama mlangoni, kitambaa bado mkononi, akatazama viti vikimpita, asiseme kitu. Mumewe alikuwa amemwomba asiseme kitu.

"Leo wewe nyamaza tu, Mama Kasyoka," Njogu alimwambia wakinywa chai. "Usitangaze. Usiongeze hata neno moja. Hii ni original, nimeitoa Nairobi ndani ya boksi yake. Itajieleza yenyewe."

"Na mimi miaka hii yote nilikuwa nafanya nini?"

Njogu akapuliza chai yake. "Ulikuwa unasaidia. Lakini tuseme ukweli, ilikuwa kelele."

Neno hilo lilimkwama Mbinya kooni, na chai haikuliteremsha. Kelele! Filamu yenyewe ilikuwa ya Kichina, zile za kupigana, na Nunguni nzima hakuna aliyejua Kichina. Siku ya kwanza Njogu alipoionyesha, watu walipiga miluzi na kudai pesa zao. Mbinya, aliyekuwa mlangoni akipokea viingilio, aliingia, akasimama kando ya televisheni, akaanza kusema anachokiona, nusu Kikamba nusu Kiswahili. Aliona mama anauza kitu ndani ya bakuli kando ya daraja. Akasema ni uji. Aliona mwanamume mwenye kofia akikipiga teke chungu cha yule mama, na mama akipiga magoti kuuzoa uji kwa mikono ilhali bado una moto. Aliona kijana wa huyo mama amesimama pembeni akitazama. Hapo hakuhitaji kujua Kichina. Tangu siku hiyo, kila siku ya soko chumba kilijaa, na filamu haikuwa na jina jingine ila Mama Uji. Mbinya akiuliza, "Nani amemwaga?" chumba kizima kinajibu, "Wa kofia!" mpaka mabati yanatetemeka. Chakula cha nyumba hii kilitoka katika kelele hizo, na karo ya Kasyoka, na sufuria ilimopikwa hiyo chai.

Kisha mtoto wa mtu akaruka kutoka juu ya tuta la shamba akitaka kumpiga mwenzake teke la hewani, akavunjika mkono. Akina mama wa kanisa wakaenda kwa naibu wa chifu. Naibu, Bwana Muthama, alikuwa mtu asiyependa kuamua jambo lolote ambalo mwingine angeweza kumwamulia. Akasema wazee wa kanisa waitazame hiyo filamu kwa macho yao. Wakisema ni nzuri, Njogu aendelee. Wakisema ni mbaya, chumba kifungwe siku hiyo hiyo. Ndipo Njogu akapanda basi la Nairobi, akarudi na filamu ile ile, toleo jipya, ndani ya boksi gumu lenye picha ya rangi. Alilishika boksi lile kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

*

Kiti cha katikati, chenye mto, alikikalia Mzee Mbuvi. Chumba kilikuwa chake, Njogu alikuwa mpangaji tu. Duka la hadiwea lililokuwa limepakana nacho lilikuwa lake pia, na kati ya stoo ya duka hilo na chumba cha vidio palikuwa na ukuta mmoja tu wa mabati, wenye matundu ya misumari ya zamani. Mzee Mbuvi alivaa kofia ya kijivu yenye ukingo mpana, ambayo hakuivua ila kwa maombi. Alikuwa amesema mbele ya kamati nzima ya kanisa kwamba hajawahi kutia mguu ndani ya vidio, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Wakaomba. Kofia ikavuliwa, ikarudishwa. Mwalimu mkuu Jonah, aliyeletwa atafsiri Kiingereza, akaketi karibu na televisheni na kulisoma boksi kwa nje kwanza.

"Hii filamu ilitengenezwa kwa Kikantoni," akasema. "Hiyo ni Kichina ya upande mmoja. Hii hapa wameondoa hiyo lugha, wameweka Kiingereza. Jina inaitwa... tuseme, Yatima wa Ngumi."

"Yatima?" Mbinya akasema kutoka mlangoni. "Na mama yake je?"

Njogu akamtazama. Mbinya akafunga mdomo.

Njogu akavuta kamba ya jenereta kule nje, ikakohoa, ikashika. Gunia likashushwa dirishani. Picha ilipokuja, Mbinya alishtuka. Kanda yao ya zamani ilikuwa imechakaa mpaka watu wote wamekuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hapa aliona kumbe lile daraja ni jekundu. Kwa muda mfupi akafurahi, akafikiri labda Njogu alikuwa amesema kweli, akangoja mama aje na bakuli zake.

Mama hakuja. Daraja likapita, na mara kijana amekwisha kuwa mkubwa, yuko uani kwa mwalimu wake anapiga gunia la mchanga. Mbinya akangoja. Labda wamemweka mbele. Picha ilikuwa imesogezwa karibu mno ili ijae kioo, kwa hivyo watu wawili wakiongea unaona pua ya huyu na sikio la yule, na katikati ukuta mtupu. Mdomo ulimaliza kusema, sauti ikaendelea. Kijana wa watu, mwembamba, mpole, alikuwa amepewa sauti ya mzungu anayegomba na mbwa wake. Kulikuwa na mahali ambapo alikaa peke yake akala bakuli la kitu, polepole, akatoa machozi, na hapo Mbinya alizoea kusema, "Ni uji, lakini si wa mama." Watu wazima walilia hapo. Sasa kijana alichukua kijiko kimoja, picha ikaruka, wakawa wanapigana tena.

Mwalimu Jonah alitafsiri kwa bidii. "Anasema, nitakuua. Huyu anasema, hapana, mimi ndio nitakuua."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akaandika.

Halafu, kwenye kona ya kioo, akatokea mwanamume mnene, nusu mwili, maana nusu nyingine ilikuwa imekatwa na hilo toleo jipya. Alikuwa na kofia. Mzee Mbuvi akainama mbele, akalikodolea macho lile umbo, na kabla hajajizuia akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe ndiye huyu wa kofia!"

Mwalimu Jonah akageuka. Hakuna aliyekuwa ametaja kofia siku hiyo. Wala kwenye hii kanda mtu yule hakuwa amefanya lolote bado, alikuwa amesimama tu.

"Mzee wamjua?" Mbinya akauliza. Hakupaza sauti. "Umemjulia wapi?"

Ilimjia yote kwa mara moja. Stoo ile. Matundu ya misumari. Zile siku za soko ambazo duka la hadiwea lilifungwa mapema na msichana wa duka akarudishwa nyumbani. Miaka miwili mzee huyu alikaa gizani kati ya misumari na rangi, sikio kwenye mabati, akiila hadithi ya Mbinya bila kutoa hata senti na bila kutia mguu ndani. Aliijua filamu nzima. Hakuwahi kuiona tu.

"Nimesema tu ana kofia," Mzee Mbuvi akasema. "Mimi si kipofu. Mwalimu, endelea."

Lakini tangu hapo hakumtazama Mbinya tena, na Mbinya alijua kwamba amefanya kosa. Mzee angeweza kuisamehe filamu. Asingeweza kumsamehe aliyemwona.

Wakafika pale kijana anapopiga magoti mbele ya kibao cha mbao na kuwasha vijiti vya moshi. Kwa Mbinya, hapa vijiti vilikuwa vya kufukuza mbu, watu wacheke kidogo. Wakishacheka, anawaambia kijana anaongea na mamake aliyekufa, anamwambia, mama nimerudi. Sasa ile sauti ya mzungu ikanguruma, na Mwalimu Jonah akatafsiri neno kwa neno, "Ninaapa kwa mizimu ya mababu zangu."

"Aiya!" mzee mmoja akasema. "Hiyo ni kithitu."

Hapo shauri likawa limekwisha. Kithitu ni kiapo cha wazee wa zamani, kile cha kuua ukoo mzima wa anayeapa uongo, na kanisa lile lilikuwa limepigana nacho tangu siku za wamishonari. Viti vikaanza kusukumwa nyuma.

"Hajaapa!" Mbinya akaingia katikati, mbele ya kioo. "Wazee wangu, ngojeni. Huyu mtoto analia mamake. Mwenye kofia alimwaga uji wa mamake, hapa mwanzo, ndio sababu ya yote. Wameikata hiyo. Wamemkata mama! Ukimtoa mama hakuna kitu inabaki, ni kupigana tu!"

"Mama gani?" akauliza naibu wa chifu, aliyekuwa amekuja kuusikia uamuzi. "Imeandikwa yatima."

"Amekuwa yatima kwa sababu wamemkata mamake!"

"Wewe mama unajua Kichina?"

"Sijui."

"Basi?"

"Na huyo mzungu wa kwa kanda, anajua?"

Mtu akacheka kule nyuma, na cheko hilo likamharibia zaidi. Mzee Mbuvi alisimama, akarekebisha kofia. Akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti anayosomea matangazo ya mazishi, kwamba sasa jambo limekuwa wazi. Kanda ni ya mapepo. Lakini kuna baya zaidi ya kanda, nalo ni dada yetu, Mkristo aliyebatizwa, kukaa miaka miwili akiwaambia watoto wa watu maneno ambayo hayakusemwa. Huo kwa Kiswahili unaitwa uongo.

Uamuzi ukasomwa pale pale. Chumba kufungwa. Mashine zote zibaki ndani mpaka kamati iamue, ufunguo akae nao mwenye nyumba. Mbinya akae kiti cha nyuma kanisani na asishiriki meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Wakaomba tena. Vijana wakabeba viti.

Njogu alikuwa bado ameshika boksi tupu. "Lakini ni original," akamwambia Mwalimu Jonah, kana kwamba mwalimu ndiye aliyeliuza.

*

"Toa ile ya zamani," Mbinya alisema walipofika nyumbani. Hakuwa ameketi. "Ile ya Mama Uji. Tunaenda kwa naibu na kwa pasta mwenyewe, nitaomba jirani yeyote mwenye deki. Waone huyo mama kwa macho yao. Waone kama nimedanganya."

Njogu akavua viatu. Akachukua muda mrefu na kamba za kiatu kimoja.

"Baba Kasyoka. Kanda iko wapi?"

"Nilirudisha."

"Ulirudisha wapi?"

"Pale dukani, Nairobi. Walisema nikileta ya zamani watanipunguzia bei ya hii mpya. Ilikuwa imeharibika, Mbinya. Ilikuwa inatoa michirizi. Yule kijana wa duka aliitupa kwa mfuko nikiona, pamoja na zingine, wanazifuta wanarekodi harusi juu yake."

Mbinya aliketi, si kwa sababu alitaka kuketi. Alimwona mama yule, na bakuli zake, na mikono yake ikiuzoa uji, na juu yake bibi harusi wa watu akikata keki.

"Uliuza mama wa watu," akasema.

"Nilikuwa nataka heshima! Wewe unafikiri mimi sisikii? 'Njogu wa vidio ya bibi yake.' Natoka Murang'a nakuja kwenu, naweka biashara, halafu biashara ni mdomo ya bibi! Nilitaka wazee wakae waone picha safi, Kiingereza safi, waseme huyu mtu ni mtu."

"Na wamesema nini?"

Njogu akavipanga viatu vyake ukutani.

"Wamesema nini, Njogu? Walikuja na viti yao. Hawakukaa hata kwa benchi yako. Heshima gani ilikuwa inakuja na watu wamebeba viti?"

Alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma. Alimkasirikia mumewe, lakini hasira juu ya mumewe ilikuwa na mwisho, maana alimwona pale amekaa, mtu mzima, na soksi zilizotoboka. Hasira nyingine ndiyo haikuwa na mwisho, ile ya sauti ya upole na kofia inayorekebishwa.

*

Kiti cha nyuma ni benchi moja fupi karibu na mlango, ambapo baridi ya milima ya Kilungu inaingia bila kubisha hodi. Mbinya alikaa hapo Jumapili baada ya Jumapili pamoja na msichana aliyepata mimba shuleni na mzee mmoja aliyekutwa kwa mganga. Sahani ya sadaka iliwafikia vizuri sana. Meza ya Bwana ndiyo iliyowaruka. Wanawake aliowachekesha miaka miwili walimpita wakitazama vitabu vyao vya nyimbo. Siku za kazi alimenya viazi katika hoteli ya Mwangangi sokoni, ndoo baada ya ndoo, na watoto walimpita wakimwita, "Mama Uji! Nani amemwaga?" Aliinama juu ya ndoo yake.

Siku moja ya soko, akiwa katikati ya ndoo, akasikia jenereta ikikohoa. Kuna jenereta nyingi Nunguni, lakini hiyo ya kwao ilikuwa ikikohoa mara tatu kisha inapiga chafya. Ilikohoa mara tatu, ikapiga chafya.

Alikwenda na kisu cha viazi mkononi, amesahau kukiweka. Juu ya mlango wa kile chumba palikuwa na kibao kipya, VIDIO YA VIJANA, na chini yake mstari wa Biblia. Njogu alikuwa nje, ameinama juu ya jenereta, mafuta mikononi.

"Ni kamati imeamua," akasema upesi, kabla hajaulizwa. "Vijana wanakimbilia baa, sasa kanisa inataka kuwavuta. Mzee Mbuvi ndio mwenye kusimamia. Nimeandikwa kazi. Angalau niko karibu na vitu yetu, Mbinya."

"Umeandikwa kazi ya kuwasha tivii yako."

"Itakuwa mpaka mambo ipoe."

"Na wanaonyesha nini?"

Njogu akafuta mikono kwenye suruali. "Ile ile."

Ile ile! Kanda ya mapepo ilikuwa imeombewa, ikawa safi. Mwalimu Jonah alikaa na kipaza sauti kutafsiri, na pale pa vijiti vya moshi mzee mmoja alisimama mbele ya kioo ameshika blanketi mpaka kiapo kipite. Kiingilio kilikuwa kimepanda. Mbinya aliuegemea ukuta kwa nje, akasikiliza kidogo. "Anasema nitakuua," Mwalimu Jonah alikuwa akisema. "Huyu anasema hapana." Kisha akasikia miluzi, na mtu akipaza sauti, "Mama Uji yuko wapi?" na chumba kizima kikidakia. Alirudi kwenye viazi vyake. Alivimenya vibaya siku hiyo, akavipunguza mno, na Mwangangi akamgombeza.

*

Mzee Mbuvi alikuja hotelini asubuhi ya siku ya soko, akaagiza chai ambayo hakuinywa. Akangoja mpaka Mwangangi ameingia jikoni.

"Mwaitu, wakya?" akamsalimu kwa adabu, akamwita mama, ingawa alikuwa na umri wa kumzaa.

"Aa," Mbinya akaitikia. Hakuacha kumenya.

"Unajua mimi sina ubaya na wewe. Mambo ya kanisa ni mambo ya kanisa. Sasa hao vijana, Mwalimu anawapa tafsiri ya sawa, ya kweli, lakini hawataki. Wiki jana wamevunja benchi. Nikafikiri, dada yetu ana kipawa. Kipawa ni cha Mungu."

"Ilikuwa uongo."

"Hiyo lugha ni ya kamati. Mimi sikutumia lugha kali."

"Wewe ndio ulisema, mzee. Ulisema kwa Kiswahili inaitwa uongo."

Mzee Mbuvi akageuza kikombe. "Tutatundika pazia. Wewe unakaa nyuma yake na kipaza sauti. Hakuna kuonekana, kwa sababu bado uko kiti cha nyuma na watu watasema. Utatangaza tu kama ile yako ya zamani. Nitakulipa kitu. Na hiyo ya kutubu naweza kuongea na pasta, iwe fupi."

"Ya zamani uliipenda?"

Kwa mara ya kwanza akamtazama machoni, na kwa muda mfupi Mbinya aliona kitu ambacho kingemfanya amhurumie, kama asingekuwa amemtenda aliyomtenda. "Pale uji," mzee akasema kwa sauti ya chini. "Pale anauzoa. Hapo ilikuwa inanishika." Kisha akakohoa, akasimama. "Saa nane. Upitie mlango wa stoo."

*

Akapitia mlango wa stoo. Pazia lilikuwa shuka la buluu lililotundikwa kwa waya kwenye kona. Nyuma yake palikuwa na kigoda na kipaza sauti. Alipoketi aliona, usawa wa sikio lake, mahali ambapo mabati yalikuwa yamebonyea kwa kuegemewa miaka miwili kutoka upande wa pili.

Chumba kilijaa hadi mlangoni. Habari ilikuwa imeenea, kama inavyoenea Nunguni. Wazee wawili walikaa mbele kwenye viti vyao, na Mzee Mbuvi alisimama ukutani kwa nyuma, karibu na sanduku la viingilio, kofia kichwani. Njogu akabonyeza deki. Daraja jekundu likaja.

"Mnanisikia?" Mbinya akasema.

Kelele iliyojibu ilimtoa machozi, akamshukuru Mungu kwa lile pazia. "Twakusikia!"

"Mama Uji mnamwona?"

Wakatafuta kwenye kioo. Kijana alikuwa akipiga gunia lake la mchanga.

"Hatumwoni!" mtu akapaza sauti.

"Hamtamwona. Wamemkata. Baba Kasyoka, zima hiyo picha."

Njogu alikuwa amechutama kando ya deki. Aligeuka akatazama pazia.

"Njogu, usizime!" Mzee Mbuvi akasema kutoka nyuma. "Endelea hivyo hivyo!"

Njogu akaitazama televisheni aliyoinunua kwa jasho lake. Akamtazama mwajiri wake. Kisha akanyoosha kidole, taratibu, kama mtu anayemfunga maiti macho, akaizima. Chumba kikabaki na mwanga wa mlangoni tu.

Mbinya akalisukuma shuka la buluu pembeni akatoka. Kipaza sauti alikiacha kwenye kigoda. Hakuwa akikihitaji.

"Ni asubuhi," akasema. "Kuna baridi kama hii yetu. Mama amekuja na chungu chake kando ya daraja. Uji una moto, unatoa moshi. Watu wanakuja, wananunua, hakuna mwenye neno. Sasa anatokea mwanamume. Ana nini?"

"Kofia!"

"Ana kofia. Na leo amekuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu hawezi kukaa kwa benchi ya mama, benchi ya mama ni chafu. Anakaa. Anaomba kwanza. Ndio, anaomba! Halafu anasema, 'Mama, huu uji nimeuhukumu. Ni mbaya.' Mama anamuuliza, 'Umeuonja lini?' Anasema, 'Mimi sijawahi kutia mguu hapa.' Na ni kweli, hajatia mguu. Alikuwa nyuma ya ukuta anakunywa kwa tundu."

Watu walikuwa wameanza kwa kucheka. Kicheko kilikuwa kinakauka, safu moja baada ya nyingine, kadiri walivyokuwa wakielewa. Mzee mmoja wa mbele akataka kusimama, akakuta magoti ya vijana yamemfungia njia.

"Anapiga chungu teke. Uji wote chini. Lakini angalieni vizuri, hii hamkuwahi kuiona, hata mimi sikuwa nimeiona. Si uji wote. Bakuli moja ameificha ndani ya koti. Anaenda kuuza kwake, na bei amepandisha. Nani amemwaga?"

"Wa kofia!"

"Nani anauza?"

"Wa kofia!"

Hawakupaza sauti kama zamani. Walisema polepole, watu wazima, na mmoja wao akageuka kutazama nyuma. Kisha mwingine. Kule ukutani, mkono wa Mzee Mbuvi ulipanda, ukashika ukingo wa kofia, ukaivua, ukaificha nyuma ya mgongo. Hakukuwa na maombi. Upara wake uliuchukua ule mwanga kidogo wa mlangoni, na hapo hata wale wa mbele kabisa wakamwona.

Wakaanza kugeuza mabenchi kumwelekea.

Mbinya hakumtazama. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mikono ameiweka kama anayezoa kitu, maana mama alikuwa bado yuko chini, na uji ulikuwa bado una moto.